Mbaruk wa Gazi: Alilipwa na dola, kisha akapigwa na dola ile ile

Mkaazi wa Changamwe hutaja Port Reitz kila siku bila kujiuliza Reitz alikuwa nani. Alikuwa luteni wa jeshi la maji la Uingereza, kijana tu, aliyeachwa Mombasa Februari 1824 Wamazrui walipoomba bendera ya Waingereza iwakinge na Seyyid Said. Homa ilimuua mwezi Mei mwaka huo huo. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, Waingereza wakaondoka. London ilimhitaji Seyyid Said kuliko ilivyowahitaji Wamazrui. Kisa cha Sheikh Mbaruk bin Rashid kinaanzia hapo.

Babake, Rashid bin Salim, ndiye Mmazrui wa mwisho kuitawala Mvita. Mwaka 1837 alikamatwa kwa hila pamoja na jamaa zake, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas huko Uajemi, wasirudi. Waliosalimika waligawanyika. Wengine walikwenda kaskazini Takaungu, wengine kusini Gazi, ng'ambo ya Likoni, mbele ya Tiwi na Diani. Mtoto Mbaruk alikulia upande huo wa kusini, na kinyongo cha babake alikulia nacho.

Alipopata usheikh wa Gazi hakukubali kuwa chini ya Unguja. Alipigana na Sultani Barghash zaidi ya mara moja, akishindwa anaingia mwituni Mweli, nyuma ya Gazi, kisha anatoka tena. Mwaka 1882 jeshi la Sultani lilimzingira huko huko Mweli. Bendera ilikuwa nyekundu, ya Sultani, lakini aliyeongoza jeshi ni Lloyd Mathews, Mwingereza. Tuliangalie vizuri jambo hili, maana ndivyo mambo yalivyoendeshwa kwa miaka mingi baadaye: jina la utawala ni la mwenyeji, amri ni ya mgeni.

Kisha mwaka 1888 ikaja Kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon, iliyokuwa imepewa na Sultani haki ya kuendesha pwani na kukusanya ushuru. Kampuni haikuwa na askari wa kutosha, kwa hivyo ilitumia pesa. Wakubwa wa pwani walipewa posho ili watulie, na Mbaruk naye alikuwa mmoja wao. Najua wapo wasiopenda kusikia hili kuhusu shujaa wao, lakini sheikh aliyewasumbua masultani alipokea pesa za Kampuni. Huenda aliona ni haki yake, malipo ya nchi aliyonyang'anywa babake. Kampuni iliona vingine. Kwao yule alikuwa mtu anayelipwa, na mtu anayelipwa huamrishwa.

Tusimsafishe pia kwa upande mwingine. Mashamba ya wakubwa wale yalilimwa na watumwa. Hapa Kisauni, jina la Kengeleni linatokana na kengele ya Freretown, kijiji cha wamishonari kilichoanza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Waliotoroka kwa mabwana zao walikimbilia huko na Rabai. Mwaka 1889 Kampuni iliwalipa mabwana fidia kwa watoro zaidi ya 1,400. Waliolipwa ni wenye watumwa. Watumwa wenyewe, waliolima miaka yote hiyo, hawakupewa hata pesa moja. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kununua utulivu.

Moto uliwaka mwaka 1895, na haukuanzia Gazi. Sheikh wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kwa desturi ya Wamazrui mkubwa wa ukoo ndiye angerithi, naye aliitwa Mbaruk pia, si huyu wa Gazi. Kampuni ikamchagua mtoto wa marehemu, Rashid bin Salim, kwa kuwa aliwaelekea Waingereza. Yule aliyepitwa akachukua silaha, Aziz wa Mtwapa akaungana naye, na walipozidiwa wakakimbilia Gazi.

Waingereza wakamtaka Mbaruk awatoe. Hapo posho ya miaka saba ikadaiwa. Angewatoa, angebaki na mshahara wake na nyumba yake. Hakuwatoa. Agosti 17, 1895, Admirali Rawson aliiteka Mweli. Vita viliendelea kwa kuvizia, kusini na kaskazini, hadi Waingereza wakaleta kikosi kizima kutoka India. Wakati vijiji vikichomwa, Disemba 14, 1895, mkataba ulitiwa saini Unguja: ukanda wa pwani ukawa chini ya Uingereza moja kwa moja, na Sultani akawa analipwa paundi 11,000 kwa mwaka, mbali na riba. Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawakuulizwa. Mwaka 1896 reli ikavuka Makupa kuingia Changamwe, kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza.

Mbaruk hakuwepo kuliona. Aprili mwaka huo alivuka mpaka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana von Wissmann. Alikimbia dola moja akaingia mikononi mwa nyingine, iliyompokea kwa hesabu zake yenyewe. Agosti 27, 1896, Rawson yule yule aliipiga kwa mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti bila idhini ya Waingereza. Khalid naye alichukuliwa na Wajerumani hadi Dar es Salaam. Mtoto wa Barghash na adui mkubwa wa Barghash wakawa wageni wa bendera moja, katika mji mmoja.

Mbaruk alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Miaka minne baadaye serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwatengea Wamazrui ardhi yao. Ilikuwa ardhi ya Takaungu, kwa upande ule uliokaa na Waingereza. Gazi haikuwamo.