A.B. Salem: Wakili aliyegoma ndani ya sinagogi

JINA la Abraham Barak Salem haliwezi kutenganishwa na mapambano ya haki miongoni mwa Wayahudi wa Cochin, mji wa bandari kusini magharibi mwa India, ambako jamii hiyo imeishi kwa karne nyingi.

Salem alizaliwa mwaka 1882 katika ukoo uliohesabiwa kuwa ni wa watumwa walioachwa huru. Ukoo wake ulishika dini ile ile, lakini katika sinagogi la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568, watu wake hawakuruhusiwa kuketi pamoja na Wayahudi walioitwa weupe, wala kuoana nao.

Baada ya kupata shahada mjini Madras, alifanya kazi ya uwakili. Mwaka 1925 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Cochin, na mwaka 1929 alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Lahore, uliodai uhuru kamili wa India.

Mbinu za Mahatma Gandhi alizipeleka hadi sinagogini. Aligoma humo kwa amani, bila kuinua mkono, na hatua kwa hatua vizuizi vikaondolewa. Mwaka 1950 mwanawe, Balfour, alioa binti wa Wayahudi weupe, jambo lililokuwa mwiko.

Katika miaka ya 1950 wengi wa Wayahudi hao walihamia Israel. Salem alibaki Cochin hadi alipofariki dunia mwaka 1967. Sinagogi bado lipo, ila waumini waliosalia ni wachache mno kuvijaza viti alivyovipigania.