Emile Berliner: Aliyezaa sahani za muziki kisha akafungiwa soko

UKIMWULIZA mpita njia ni nani aliyevumbua mashine ya kunasa sauti, bila shaka atakutajia Thomas Edison, na hatakuwa amekosea. Lakini sahani bapa, ile iliyowafikishia walimwengu nyimbo kwa zaidi ya karne moja, kwanza ikiwa santuri nyeusi na baadaye ikiwa CD inayometameta, haikutoka mikononi mwa Edison. Ilitoka kwa mhamiaji Myahudi kutoka Ujerumani, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14, na ambaye hatimaye alifungiwa nje ya soko alilolifungua mwenyewe.

Emile Berliner alizaliwa mjini Hannover mnamo Mei 20, 1851, katika familia ya watoto 13. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyebobea katika elimu ya dini ya Kiyahudi, ilhali mama yake alipenda muziki. Masomo yake yalikoma mwaka wa 1865, akaanza kutafuta riziki kwa vibarua vya hapa na pale. Mwaka wa 1870, vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipokuwa vikinukia, rafiki wa familia aliyekuwa na duka mjini Washington alimpa nafasi ya kazi. Kijana huyo akapanda meli kuelekea Marekani, na hivyo akaepuka kuingizwa jeshini.

Alikuwa karani dukani, kisha akahamia New York ambako kwa muda aliosha chupa katika maabara ya Constantine Fahlberg, mwanakemia ambaye baadaye alipata sifa kwa kugundua sakarini. Usiku alihudhuria masomo katika taasisi ya Cooper. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote ya sayansi.

Aliporejea Washington mwaka wa 1876, Alexander Graham Bell alikuwa amekwisha kuushangaza ulimwengu kwa simu yake. Simu hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: sauti ilififia sana kadiri waya ulivyorefuka. Akiwa katika chumba cha kupanga, Berliner alibuni kipaza sauti kilichotegemea mgusano mwepesi wa vipande viwili vya madini, na mwaka wa 1877 akawasilisha ombi la kulinda uvumbuzi wake. Kampuni ya Bell ilimwajiri mwaka uliofuata. Haki ya uvumbuzi huo ilipiganiwa mahakamani kwa miaka mingi, lakini fedha alizolipwa zilimwezesha kujitegemea. Mnamo 1881 akawa raia wa Marekani, akamwoa Cora Adler, na miaka miwili baadaye akarudi Washington kufanya utafiti wake mwenyewe.

Ili tuelewe alichokifanya, yatupasa kwanza tuone Edison alikuwa amefika wapi. Mashine ya Edison ya mwaka wa 1877 ilinasa sauti juu ya silinda, yaani umbo la mviringo mfano wa kopo. Sindano ilichimba kwenda chini na juu, kama njia inayopita mabonde na vilima. Ilinasa sauti, naam, ila haikuwa na njia rahisi ya kutoa nakala. Kwa miaka mingi mwanamuziki aliyetaka kuuza nyimbo zake kwenye silinda ilimbidi asimame mbele ya mashine kadhaa zilizopangwa pamoja, aimbe, apumzike, kisha auimbe tena wimbo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, siku nzima. Silinda zilizotolewa kwa kalibu hazikuuzwa kwa wingi hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Berliner aliliona jambo ambalo wenzake hawakulitilia maanani. Kunasa sauti kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye biashara, ilikuwa kunakili. Na kitu bapa hunakiliwa kwa urahisi kuliko kitu cha mviringo, kwa sababu kinaweza kugongwa muhuri.

Alipata hataza ya gramafoni mnamo Novemba 8, 1887. Katika majaribio yake ya awali alichukua kioo bapa, akakipaka masizi, na sindano ikachora juu yake mstari uliotikisika kushoto na kulia kufuata mawimbi ya sauti. Mchoro huo ulihamishiwa kwenye madini kwa njia ya mwanga na kemikali, kama walivyofanya wachapishaji wa picha. Msomaji na aikumbuke picha hiyo ya kioo na mwanga, kwani tutakutana nayo tena.

Baadaye alipata njia nyepesi zaidi. Alichukua sahani ya zinki, akaipaka utando mwembamba wa nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika benzini. Sindano iliikwangua nta na kuiacha zinki wazi pale ilipopita. Kisha sahani ikatumbukizwa katika asidi ya kromiki, ambayo ilikula zinki palipokuwa wazi tu na kuacha mtaro mwembamba wa kudumu. Mtaro huo ndio uliokuwa sauti. Mnamo Mei 16, 1888 aliionyesha kazi hiyo mbele ya wanachama wa taasisi ya Franklin mjini Philadelphia. Katika hotuba yake alitabiri kwamba waimbaji mashuhuri wangekuja kupata mapato kutokana na mauzo ya sahani zao. Wakati huo hapakuwa na sahani hata moja iliyokuwa ikiuzwa.

Hatua iliyofuata ndiyo kiini cha maisha yake. Juu ya zinki iliyochimbwa aliotesha ganda la madini kwa nguvu za umeme. Ganda hilo lilipobanduliwa likawa kinyume cha sahani ya kwanza: palipokuwa na mtaro pakawa na tuta. Huo ukawa muhuri. Muhuri ukikandamizwa juu ya kitu laini chenye joto, huacha mtaro ule ule wa awali. Mwimbaji akaimba mara moja, na mashine ikatoa nakala nyingi zinazofanana.

Kilichomsumbua kwa miaka ni kitu hicho laini. Mwanzoni alitumia selulodi, kisha mpira mgumu. Sahani za kwanza kuuzwa zilitengenezwa huko Ujerumani na kampuni ya vitu vya kuchezea watoto ya Kämmer & Reinhardt karibu na mwaka wa 1890. Upana wake ulikuwa takriban sentimita 12.5, karibu sawa na CD. Mjini Washington alianza kuuza sahani za inchi saba mwaka wa 1894, lakini mpira uliingiwa na viputo vya hewa, na mahali pengine haukushika alama za muhuri barabara. Ufumbuzi ulipatikana mwaka wa 1895 katika kampuni ya Duranoid, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya nguo huko New Jersey. Vifungo hivyo vilifanywa kwa mchanganyiko wenye shelaki, utomvu wa wadudu wa India ambao pia ulitumika kutengenezea lakiri ya kufungia barua. Shelaki ilitawala santuri kwa zaidi ya nusu karne.

Mashine yenyewe bado ilikuwa ikizungushwa kwa mkono, na wimbo ulikwenda kasi au polepole kulingana na uchovu wa mwenye kuzungusha. Fundi mmoja wa Camden, Eldridge Johnson, aliitengenezea mota ya springi mwaka wa 1896. Biashara ikashamiri. Mwaka wa 1898 kampuni ya gramafoni iliundwa London na mawakala wa Berliner, na mwaka huo huo yeye na ndugu zake wakaanzisha Deutsche Grammophon katika mji wao wa kuzaliwa, Hannover, ambako ndugu yake Joseph tayari alikuwa na kiwanda cha simu.

Hapa inafaa tuuache kidogo mfuatano wa miaka. Mnamo Agosti 17, 1982, CD za kwanza za kuuzwa madukani zilitoka kiwandani. Kiwanda hicho kilikuwa Langenhagen, kando tu ya Hannover, na kilikuwa mali ya PolyGram, kampuni iliyotokana kwa sehemu na ile Deutsche Grammophon ya akina Berliner.

Tena si mahali tu palipokuwa pamoja. CD huanza na kioo kilichosuguliwa hadi kikawa laini kabisa, kisha kikapakwa utando mwembamba wa kemikali inayobadilika ikipigwa na mwanga. Mahali pa sindano, mwale wa leza huwaka na kuzimika kufuata tarakimu zinazowakilisha sauti. Kioo kikioshwa kwa dawa, sehemu zilizoguswa na leza huyeyuka na kuacha vishimo vidogo mno, vyenye upana wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita, vilivyopangwa kwa mzunguko unaoanza katikati kwenda ukingoni.

Baada ya hapo Berliner angeingia kiwandani na kuitambua kazi yake. Kioo hupakwa madini membamba, kisha ganda la nikeli huoteshwa juu yake kwa umeme. Ganda la kwanza mafundi huliita baba. Kutoka kwa baba huoteshwa mama, na kutoka kwa mama huzaliwa mihuri. Desturi hiyo ya ukoo ina sababu yake: muhuri huchakaa kwa kazi, na kama kiwanda kingemtumia baba peke yake, siku akiharibika ingelazimu kioo kingine kichorwe upya. Mama mmoja huweza kutoa mihuri kadhaa.

Muhuri hufungwa ndani ya kalibu, na plastiki ya polikaboneti iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 300 hivi husukumwa humo kwa nguvu. Baada ya sekunde chache hutoka sahani angavu ya unene wa milimita 1.2 na upana wa sentimita 12. Haisomeki bado, kwa kuwa mwanga hupita ndani yake kama dirishani. Ndipo hupuliziwa utando wa alumini ili iakisi leza ya mashine ya kuchezea, ikapakwa vanishi inayokaushwa kwa mionzi ya urujuanimno, na mwisho ikachapwa jina. DVD hufuata njia iyo hiyo, ila vishimo vyake vimesongamana zaidi na sahani huwa mbili nyembamba zilizogandishwa pamoja.

Zile CD tupu ambazo watu wengi walizichoma kwa kompyuta zao ni jambo jingine. Hazina vishimo vilivyogongwa. Zina rangi maalumu inayoungua kwa leza, ndiyo maana nyingi ziliharibika zilipoachwa juani. Nadhani waliozitupa kwa hasira hawakujua kwamba tofauti ilikuwa kati ya kitu kilichogongwa muhuri na kitu kilichopakwa rangi.

Turudi mwaka wa 1900. Miaka minne kabla ya hapo, Berliner alikuwa amemkabidhi Frank Seaman wa New York haki ya pekee ya kuuza gramafoni nchini Marekani. Wawili hao walikosana kuhusu bei na faida, Seaman akaanza kuuza mashine za kushindana naye, kisha akaenda mahakamani. Amri ya mahakama ilimzuia Berliner kumuuzia mtu mwingine, naye hakuwa tayari kumuuzia Seaman. Mvumbuzi wa sahani akawa hawezi kuuza sahani katika nchi aliyoichagua kuwa yake.

Alihamishia shughuli zake Montreal, Canada, ambako aliisajili kuwa alama yake ya biashara ile picha ya mbwa Nipper akisikiliza gramafoni. Huko Marekani, Johnson ndiye aliyeshika usukani. Mwaka wa 1901 aliunda kampuni ya Victor, iliyokua ikawa mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani. Berliner hakuwa maskini, kwani alibaki na hisa katika kampuni mbalimbali. Lakini jina lake liliondoka kwenye sahani za Wamarekani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya Edison atajwe peke yake hadi leo.

Sahani hizo zilizidi kusafiri. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarab kwa ajili ya kampuni ile ya London, chini ya nembo ya mbwa Nipper. Sauti ya Kiswahili ikachongwa mara moja, ikageuzwa muhuri, ikagongwa kwenye shelaki, na nakala zake zikarudi kuuzwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Waimbaji wengi wa enzi zilizotangulia hawakupata bahati hiyo, na sauti zao zimetoweka nao.

Berliner alikuwa angali hai wakati huo, ingawa muziki haukuwa tena shughuli yake kuu. Pamoja na mwanawe Henry alikuwa amefanya majaribio ya helikopta. Zaidi ya hayo alijishughulisha na afya ya watoto. Binti yake mmoja aliugua sana tumbo akiwa mchanga, naye Berliner akaamini kwamba maziwa mabichi yalikuwa yakiwaua watoto wengi mjini Washington. Alitumia fedha zake na miaka yake mingi kuwahimiza akina mama wayapashe moto maziwa kabla ya kuwanywesha watoto, akaandika hata mashairi ya kuwafunza watoto usafi.

Alifariki mjini Washington mnamo Agosti 3, 1929, akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa ameacha wosia kwamba mazishi yake yasiwe ya gharama, kwani aliona mazishi ya fahari kuwa ubadhirifu usiovumilika. Aliomba muziki wa Beethoven na Chopin upigwe kwa piano na watu wa nyumbani kwake, akina mama maskini wenye watoto wachanga wapewe fedha, na yeye azikwe jua linapotua.