Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya tunayemwimba kila asubuhi



Wapendwa vijana, leo siwaletei mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa. Huyu hata Mkatoliki hakuwa. Nawaletea mwalimu wa shule, mume wa mke mmoja na baba wa mtoto mmoja, aliyefariki akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Wimbo wake umeuimba pengine mara nyingi kuliko wimbo wowote wa kanisani, halafu ukiulizwa jina lake unabaki unakodoa macho. Usijisikie vibaya, hata mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka namaliza kidato cha sita.

Huku kwetu Binza, mkoani Simiyu, nilisoma shule ya msingi yenye bendi. Nikisema bendi msifikirie matarumbeta ya jeshi. Ilikuwa ngoma moja kubwa, ngoma ndogo mbili, na filimbi ya mwalimu wa zamu. Asubuhi tunamaliza usafi, bendi inapiga, tunaingia paredi kwa mistari, na wimbo wa taifa unaanza. Msimu wa pamba sauti zilikuwa chache maana wengine walikuwa bado shambani, lakini wimbo haukuachwa. Na sisi Wasukuma, si mnajua, wimbo kwetu una mwenyewe. Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, watu wanajua kabisa huu ni wa manju fulani, ule ni wa manju fulani. Ila ule wa asubuhi tuliuimba kama vile ulishuka na mvua.

Kumbe una mwenyewe. Aliitwa Enoch Mankayi Sontonga.

Alizaliwa Uitenhage, upande wa mashariki wa Rasi ya Afrika Kusini, yapata mwaka 1873, Mxhosa wa ukoo wa Mpinga. Akasomea ualimu Lovedale, chuo kilichoanzishwa na wamisionari Wapresbiteri kutoka Uskoti. Akiwa na miaka kama 23 akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti pale Nancefield, nje kidogo ya Johannesburg, upande ambao leo unajulikana kama Soweto. Hapo alidumu karibu miaka minane, ambayo kwa kweli ndiyo maisha yake yote ya kazi.

Lazima uione Johannesburg ya wakati ule. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Alipofika Enoch, mji ulikuwa bado haujatimiza hata miaka kumi na mitano, lakini tayari ulikuwa umemeza maelfu ya vijana wa Kiafrika waliotoka vijijini kwenda kuchimba chini ya ardhi kwa ujira mdogo. Mabanda, vumbi, vileo, magonjwa, na sheria za kumwambia mtu mweusi asipite wapi na asikae wapi. Watoto aliofundisha walikuwa watoto wa mji huo. Huwezi kuwaambia watoto wa namna hiyo wafungue kitabu ukurasa wa tano na ukadhani umemaliza kazi.

Yeye aliwaundia kwaya. Akawa anawafundisha kwa sol-fa, yale maandishi ya do, re, mi ambayo walimu wetu wa kwaya wanayatumia mpaka leo. Mfumo huo ulisambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaupenda kwa sababu rahisi tu: hauhitaji kinanda. Ukiwa na ubao, chaki na masikio, unaweza kuwapa watoto sauti nne. Tatizo ni nyimbo. Kwaya ya watoto inakula nyimbo kama mbuzi anavyokula majani, na mwalimu asiye na nyimbo mpya atawapoteza. Basi Enoch akawa anatunga mwenyewe, maneno na sauti, na kuandika kwa mkono wake katika daftari. Siku moja alitaka achapishe kitabu.

Nyimbo zake nyingi, kwa jinsi waliomfahamu walivyosimulia, zilikuwa na huzuni ndani yake. Aliyaona mateso ya watu wake kila siku akitoka darasani, na yakaingia kwenye daftari. Lakini watu walizipenda! Kwaya yake ilizunguka kuimba Johannesburg na hata Natal. Nilipokuwa nasoma falsafa tulisumbuana sana na Plato, ambaye katika Jamhuri yake anataka vijana wafundishwe muziki mapema, kwa sababu muziki huingia ndani ya roho kabla akili haijaweza kujieleza. Nilikuwa naona ni maneno ya mzee asiye na kazi. Nikikumbuka paredi ya Binza naona mzee hakukosea sana.

Mwaka 1897, akiwa na miaka kama 24, Enoch akatunga wimbo mmoja wa Kixhosa kwa ajili ya shule yake: ubeti mmoja na kiitikio. Ubeti unamwomba Bwana aibariki Afrika na azisikie sala zetu. Kiitikio, na hapa nawaomba vijana wa Kipaimara mtege sikio, kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Ndiyo. Wimbo wetu wa taifa shina lake ni sala ya kumwomba Roho Mtakatifu. Katika Kiswahili chetu kiitikio kiliandikwa upya, kinawaombea baraka watoto wa Afrika, kisha watoto wa Tanzania, kwa hiyo jambo hilo halionekani tena kwa macho. Lakini mara nyingine nikisimama wima kwenye sherehe za serikali, mkono umenyooka ubavuni, najua naimba nini chini ya kile ninachoimba.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, kwenye ibada ya kumsimika mchungaji mmoja Mtsonga wa Kimethodisti. Mwaka huohuo, Oktoba, vita vya Waingereza na Makaburu vikaanza, vikaenda mpaka 1902.

Sasa nyumbani kwake. Mkewe aliitwa Diana, binti wa mchungaji wa Kanisa la AME, kanisa la Waamerika weusi lililokuwa limeingia Afrika Kusini miaka ileile. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mbali na darasa na kwaya, Enoch alikuwa mpiga picha, na Jumapili alikuwa mhubiri mlei na kiongozi wa kwaya katika kanisa la Mchungaji Mzimba. Hesabu mwenyewe: shule, kwaya ya shule, kamera, kanisa, kwaya ya kanisa, na usiku lile daftari. Mimi nimelelewa na baba mwenye shamba moja na baiskeli moja na bado alikuwa anachoka. Diana alimgawana na watoto wa watu wengi. Na atakayeniambia kwamba nyimbo zile ni za Enoch peke yake, mimi namwongezea jina la Diana, kwa sababu ya yaliyofuata.

Enoch alifariki tarehe 18 Aprili 1905, baada ya kusumbuliwa na tumbo. Nilikaa nikapiga hesabu ya kalenda: Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 23, kwa hiyo alikufa Jumanne ya Juma Kuu. Mwalimu wa kwaya yeyote anajua Jumanne ya Juma Kuu ni siku gani. Ndiyo siku ambayo mazoezi hayajakaa sawa, besi wanachelewa, na Alhamisi Kuu inagonga mlango. Daftari lake lilikuwa bado halijachapishwa. Wimbo wake ulikuwa wa wanafunzi na waumini wa huko Johannesburg, basi.

Akabaki Diana na mtoto na daftari. Kwaya zikaanza kuja kubisha hodi. Tunaomba kuazima nyimbo za marehemu. Akawa anaazimisha. Hakuwa na mashine ya kunakili, hakuwa na wakili, alikuwa mjane na mlango ulio wazi. Inasimuliwa kwamba haki ya ule wimbo aliiuza kwa peni sita. Na daftari, kwa kuazimwa huku na kuazimwa kule, likapotea. Wako wanaomlaumu. Kwa maoni yangu hawajawahi kuwa na kitu ambacho watu wanakihitaji na wao wenyewe wana njaa. Kama Diana angelifungia daftari sandukuni, leo tusingekuwa na hata ule wimbo mmoja.

Kwa sababu kwaya zilizoazima ziliimba. Tarehe 8 Januari 1912, kule Bloemfontein, viongozi wa Waafrika walikutana kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na kwaya ya shule ya Ohlange ya John Dube ikauimba wimbo wa Enoch baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi kwenye sahani ya santuri akiwa London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi akauongezea beti saba. Diana alikufa mwaka 1929, kwa hiyo miaka yote hii alikuwa hai. Tafakari mama huyo amekaa mahali, anasikia umati wa watu wasiomfahamu wakiimba kitu ambacho mume wake alikiandika mezani kwake kwa ajili ya watoto wa shule.

Halafu ukapanda kuja huku kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wimbo huu kwa maneno ya Kiswahili ulikuwa wimbo wa taifa, na baada ya Muungano wa 1964 ukaendelea kuwa wa Tanzania. Zambia wakauchukua muziki wake mwaka 1964. Zimbabwe waliuimba mpaka 1994, Namibia nao kwa muda mfupi. Lakini nyumbani kwa Enoch, chini ya serikali ya ubaguzi, kuuimba kungeweza kukuletea polisi. Yaani mtoto wa darasa la pili wa Bariadi alikuwa anaruhusiwa kuimba asubuhi kitu ambacho mjukuu wa mtunzi angeweza kusumbuliwa kwa kukiimba. Mpaka 1994 ndipo ukawa wimbo wa taifa wa Afrika Kusini pia.

Basi serikali mpya ikataka kuliheshimu kaburi lake. Kaburi likawa halijulikani! Ilijulikana alizikwa makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, lakini mahali hasa palikuwa pamepotea kwa miaka karibu tisini. Watu wa kumbukumbu wakapekua vitabu vya makaburi wakitafuta herufi S, Sontonga, Sontonga, hakuna. Mwishowe wakampata kwenye herufi E. Karani wa enzi zile alikuwa ameandika jina la kwanza tu: Enoch.

Sehemu hii ilinishika nikashindwa kuendelea kusoma usiku ule. Kwa upande mmoja ni dharau. Mtu mzima, mwalimu, baba wa mtu, anaandikwa kama mtumishi wa jikoni anayeitwa na bosi wake. Hasira nilipata na sioni sababu ya kuificha. Ila kwa upande mwingine nikakumbuka ubatizo. Padri anapouliza mtoto huyu aitwe nani, hatusemi ukoo, tunasema jina la kwanza. Sitaki kumtakasa karani, alichofanya si haki. Nasema tu kwamba jina lililobaki kwenye kile kitabu lilikuwa lile ambalo Mungu alimwita kwalo.

Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi lilitangazwa kuwa mnara wa taifa, Rais Mandela akazindua kumbukumbu yake, na siku hiyohiyo Enoch akapewa nishani ya dhahabu ya taifa. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyeipokea. Miaka tisini na moja baada ya ile Jumanne.

Nimalizie na jambo la hapa nyumbani. Parokiani kwetu tuna mwalimu wa kwaya, mzee sasa, simtaji maana akisoma hapa atanigombeza. Anatunga tangu kabla sijazaliwa. Mkewe ndiye anayelipa nauli yake ya kwenda kufundisha vigangoni, kwa hela ya mihogo. Nyimbo zake zote ziko kwenye kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, na moja panya wameshaionja pembeni. Likizo iliyopita nilimwomba aniazime. Alinitazama kwanza, kisha akaniambia nikae palepale sebuleni kwake, hazitoki nje. Nikamwelewa kabisa.

Kwa hiyo nilikaa. Siku nne, napiga picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja, mama akileta chai. Ukurasa fulani wa wimbo wa matoleo sauti ya tatu imefutika kwa maji. Nikamwita mzee, akavaa miwani, akaangalia, akafikiri kidogo, akaanza kuiimba. Nami nikaandika.