JIM THORPE, BINGWA ALIYENYANG'ANYWA

Jim Thorpe alizaliwa mahali panapoitwa leo Oklahoma, huko Marekani. Wazazi wake wote wawili walikuwa na damu ya wenyeji wa asili na ya Wazungu.

Mwaka 1912, katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, alipata nishani mbili za dhahabu, katika mashindano ya michezo mitano na ya michezo kumi. Mwaka 1913 akanyang'anywa zote, kwa kuwa aliwahi kulipwa fedha kidogo kucheza besiboli.

Hakukata tamaa. Alicheza kwa mshahara besiboli, mpira wa Kimarekani, hata mpira wa kikapu pamoja na wenyeji wenzake.

Alifariki mwaka 1953, maskini. Mwaka 1983 watoto wake walipewa nishani mpya. Mwaka 2022 akatangazwa mshindi pekee. Haki yake haikupotea, lakini ilimkuta kaburini.