Bertha Lutz: Mbrazil aliyepigania jina la mwanamke katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa

Tarehe 26 Juni mwaka 1945, mjini San Francisco nchini Marekani, wajumbe wa mataifa 50 walipita mmoja baada ya mwingine mbele ya meza kubwa kutia saini Mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa. Kati ya watu wapatao 160 walioweka saini zao siku hiyo, wanawake walikuwa wanne tu: Minerva Bernardino wa Jamhuri ya Dominika, Virginia Gildersleeve wa Marekani, Wu Yi-fang wa China, na Bertha Lutz wa Brazil.

Bertha Lutz hakuwa balozi wala mke wa mtu mkubwa. Kwa taaluma alikuwa mtaalamu wa viumbe, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwachunguza vyura wa misitu ya Brazil. Hata hivyo, leo mwanamke yeyote, awe Mombasa, Bujumbura, Muscat au London, anaposimama mbele ya chombo cha kimataifa na kudai kwamba sheria inamtambua sawa na mwanamume, anasimama juu ya maneno ambayo Lutz na wenzake wachache waliyapigania katika mkutano ule.

Binti wa daktari na muuguzi

Bertha Maria Júlia Lutz alizaliwa tarehe 2 Agosti mwaka 1894 mjini São Paulo. Baba yake, Adolfo Lutz, alikuwa daktari mwenye asili ya Uswisi na mmoja wa waasisi wa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto nchini Brazil. Mama yake, Amy Fowler, alikuwa muuguzi Mwingereza aliyewahi kuwahudumia wagonjwa wa ukoma katika visiwa vya Hawaii. Katika nyumba hiyo elimu ya binti haikuhesabiwa kuwa anasa.

Bertha alipelekwa Ulaya kusoma, akahitimu sayansi ya viumbe katika chuo kikuu cha Sorbonne mjini Paris mwaka 1918. Akiwa Ulaya aliwaona wanawake wa Uingereza na Ufaransa wakishika kazi za viwandani na maofisini wakati wanaume wakiwa vitani, na akafuatilia madai yao ya kupiga kura. Aliporejea Brazil alikuta nchi ambayo mwanamke hakuwa na kura, na ambayo Sheria ya Madai ya mwaka 1916 ilimhesabu mke kuwa mtu asiyeweza kujiamulia mambo kikamilifu. Mke alihitaji ruhusa ya mumewe hata kufanya kazi ya mshahara.

Mwaka 1919 Lutz alishinda mtihani wa ushindani na kuajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Rio de Janeiro, akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kushika kazi ya serikali nchini humo. Mwaka huo huo alishiriki kuanzisha jumuiya ya kuwapigania wanawake wapate elimu. Mwaka 1922 alikwenda Baltimore, Marekani, kuiwakilisha Brazil katika mkutano wa wanawake wa bara zima la Amerika. Huko alikutana na Carrie Chapman Catt, kiongozi mashuhuri wa wanawake wa Marekani waliokuwa wamepata kura miaka miwili kabla. Aliporudi nyumbani alianzisha Shirikisho la Brazil la Maendeleo ya Wanawake, ambalo aliliongoza kwa miaka mingi.

Neno raia na maana yake

Kizuizi walichokikuta wanawake wa Brazil kilikuwa cha ajabu kidogo. Katiba ya mwaka 1891 haikuwa na ibara hata moja iliyowakataza wanawake kupiga kura. Ilisema tu kwamba raia waliotimiza umri uliowekwa wanaweza kuwa wapiga kura. Lakini katika lugha ya Kireno neno raia, likiwa katika wingi, huandikwa kwa umbo la kiume. Wanawake walipokwenda kujiandikisha, wakubwa waliwajibu kwamba sheria inazungumzia wanaume.

Msomaji wa Kiswahili huenda akashangaa, kwa sababu katika lugha yetu mtu ni mtu, raia ni raia, na sarufi haiulizi kama ni mume au mke. Kwa Lutz hilo lilikuwa somo ambalo hakulisahau. Alijifunza kwamba haki isiyotajwa waziwazi huweza kunyang'anywa kwa tafsiri tu, bila bunge kupiga kura wala jeshi kutoka kambini.

Shirikisho lake liliendesha kampeni kwa barua, mihadhara na magazeti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda ndege na kumwaga vipeperushi juu ya jiji la Rio de Janeiro. Wakati huo jimbo la Rio Grande do Norte, kaskazini mashariki mwa nchi, lilikuwa limekwisha kuwaruhusu wanawake kujiandikisha, na mwaka huo huo Alzira Soriano akachaguliwa kuwa meya wa mji wa Lajes.

Ushindi wa kitaifa ulikuja mwezi Februari mwaka 1932, serikali ya Getúlio Vargas ilipotangaza sheria mpya ya uchaguzi iliyompa mwanamke kura. Rasimu ya awali ilitaka kuwatenga wanawake walioolewa ambao hawakuwa na idhini ya waume zao, lakini masharti hayo yaliondolewa. Haki hiyo ikathibitishwa katika katiba ya mwaka 1934.

Ushindi huo hata hivyo haukuwafikia wote. Watu wasiojua kusoma na kuandika waliendelea kunyimwa kura nchini Brazil hadi mwaka 1985. Kwa hiyo mamilioni ya wanawake maskini, wengi wao wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliopelekwa utumwani, walibaki nje ya mlango uliofunguliwa na wasomi wa mijini. Huu ni upungufu ambao wanahistoria wa leo hawaufichi wanapoisimulia habari ya Lutz na shirikisho lake.

Mwanasheria na mbunge

Akitambua kwamba vita vyake vilikuwa vya kisheria, Lutz alirudi darasani na kupata shahada ya sheria mwaka 1933. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa katika ujumbe wa Brazil kwenye mkutano wa nchi za Amerika uliofanyika Montevideo, Uruguay. Mkutano huo ulipitisha mkataba uliokataza ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya uraia, wakati ambapo katika nchi nyingi mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake.

Montevideo pia ilidhihirisha kwamba wanawake hawakuwa na sauti moja. Lutz alivutana na Doris Stevens, Mmarekani aliyeongoza tume ya wanawake ya nchi za Amerika. Uhusiano wake na baadhi ya wanaharakati wa nchi zinazozungumza Kihispania nao haukuwa mzuri, na waliochunguza barua zake wanasema mara nyingine aliwatazama kwa dharau. Yeye aliamini kwamba usawa katika sheria uende pamoja na ulinzi wa mama mfanyakazi.

Mwaka 1936 aliingia katika Bunge la Brazil kuziba nafasi ya mbunge aliyefariki dunia. Humo aliongoza kamati iliyoandaa muswada wa sheria ya wanawake, uliogusa mishahara, likizo ya uzazi na hadhi ya mke katika ndoa. Muswada huo haukufika mwisho. Mwezi Novemba mwaka 1937 Vargas, yule yule aliyewapa wanawake kura, alilifunga Bunge na kutawala kwa amri. Kiti cha Lutz kikapotea, na kura ya mwanamke, kama ya mwanamume, ikakosa maana kwa muda wa miaka minane. Sheria iliyomweka mke chini ya idhini ya mumewe haikurekebishwa hadi mwaka 1962.

San Francisco mwaka 1945

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, mataifa makubwa yalikuwa tayari yameandaa rasimu ya chombo kipya cha dunia katika mazungumzo ya Dumbarton Oaks mwaka 1944. Rasimu hiyo iligusia haki za binadamu mara moja tu, na usawa wa wanawake haikuutaja kabisa. Mkutano wa San Francisco ulipofunguliwa tarehe 25 Aprili mwaka 1945, Lutz alifika akiwa mjumbe kamili wa Brazil na akiwa amedhamiria kuirekebisha.

Aliungana na Minerva Bernardino wa Jamhuri ya Dominika na wajumbe wanawake wa Uruguay na Mexico, na wakamwona Jessie Street wa Australia kuwa mwenzao. Walitaka mkataba utamke usawa wa wanawake na wanaume, na utamke pia kwamba nafasi zote za chombo hicho ziwe wazi kwa jinsia zote mbili.

Upinzani ulitoka mahali ambapo wengi hawakuutarajia. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika Lutz mwenyewe, Gildersleeve wa Marekani alimtahadharisha tangu siku za mwanzo asiombe chochote kwa ajili ya wanawake, akiona kwamba jambo hilo lingekuwa utovu wa adabu. Mjumbe mmoja wa Uingereza aliona kwamba usawa umekwisha kupatikana, na ushahidi wake ni cheo alichokuwa nacho yeye mwenyewe. Lutz alimweleza kwamba cheo hicho kilithibitisha kufika kwa mtu mmoja, wala hakikuthibitisha kufika kwa wanawake.

Hoja kuu ya wapinzani ilikuwa kwamba neno watu lilitosha na kwamba kuwataja wanawake ni kurudia jambo lililo wazi. Hapo ndipo lile somo la neno raia liliporudi. Lutz na wenzake walishikilia kwamba historia ya nchi zao inaonyesha vingine, kwamba kila mara sheria ilipokaa kimya wanawake waliachwa nje.

Hatimaye dibaji ya Mkataba ikataja haki sawa za wanaume na wanawake, na Ibara ya 8 ikaweka bayana kwamba Umoja wa Mataifa hautamzuia mwanamume wala mwanamke kushika nafasi yoyote katika vyombo vyake. Ujumbe wa Brazil ulipendekeza pia kuwepo tume maalumu ya kuchunguza hali ya wanawake duniani. Pendekezo hilo lilipingwa, lakini mwaka 1946 Tume ya Hali ya Wanawake ikaundwa kamili, na inakutana hadi leo.

Afrika Mashariki katika mkataba ule

Bara la Afrika liliwakilishwa San Francisco na nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Hakuna mwanamke wala mwanamume wa Tanganyika, Kenya au Kongo aliyeulizwa maoni yake. Hata hivyo, katika sura ya Mkataba inayohusu nchi zilizowekwa chini ya udhamini, zikiwemo Tanganyika na Ruanda-Urundi, iliandikwa kwamba haki za binadamu ziheshimiwe bila kubagua rangi, jinsia, lugha wala dini.

Kutokana na mbegu ile iliota mikataba mingine. Mwaka 1948, wakati wa kuandaa Tangazo la Haki za Binadamu, Hansa Mehta wa India alihakikisha kwamba ibara ya kwanza haitumii neno la Kiingereza linaloweza kusomwa kuwa wanaume peke yao. Mwaka 1979 ukapitishwa Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, CEDAW. Rwanda iliuridhia mwaka 1981, Kenya mwaka 1984, Tanzania na Uganda mwaka 1985, na Oman ilijiunga mwaka 2006. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Itifaki ya Maputo mwaka 2003.

Suala la uraia lililojadiliwa Montevideo mwaka 1933 nalo lilichukua muda mrefu kufika kwetu. Kenya ilisubiri hadi katiba ya mwaka 2010 ndipo mama akaweza kumrithisha mwanawe uraia sawasawa na baba, na mume mgeni akapewa njia ile ile ya kuomba uraia aliyokuwa nayo mke mgeni. Wasomaji walioolewa ughaibuni hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Miaka ya mwisho

Baada ya San Francisco, Lutz alirejea kwenye makumbusho yake. Aliendelea kuhifadhi na kuchapisha kazi za baba yake, aliyefariki mwaka 1940, na mwaka 1973 alitoa kitabu kikubwa juu ya vyura wa miti wa Brazil. Wapo vyura, na yupo mjusi wa fukwe za Rio, waliopewa majina ya kisayansi kwa heshima yake.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka 1975. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alikwenda Mexico City katika ujumbe wa Brazil kuhudhuria mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Miaka 30 kabla alikuwa ameomba nusu sentensi, na sasa dunia nzima ilikuwa imeitisha mkutano juu ya jambo lile lile. Alifariki dunia mjini Rio de Janeiro tarehe 16 Septemba mwaka 1976. Hakuwahi kuolewa.

Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa nadra nje ya Brazil, na wengi waliamini kwamba usawa wa wanawake ulikuwa zawadi ya nchi za Magharibi kwa dunia. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na wasomi wawili wa kike wa chuo cha SOAS mjini London ulisaidia kuirekebisha picha hiyo, kwa kuonyesha jinsi wanawake wa Amerika Kusini walivyoisukuma hoja hiyo huku wajumbe wa mataifa makubwa wakisita.

Mwezi Septemba mwaka 2018 moto mkubwa uliteketeza Jumba la Makumbusho la Taifa alilolitumikia. Lakini nyaraka za shirikisho lake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Brazil, na maneno aliyoyapigania yangali katika dibaji ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Nchi kadhaa zilizotia saini maneno hayo bado hazijayatekeleza, lakini hakuna hata moja inayoweza kudai tena kwamba wanawake hawakutajwa.