Daktari Aliyedai Baba Yetu



Bibi yangu amepoteza jicho moja kwa presha ya macho. Alipofika hospitali, aliambiwa mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umeshakufa, haurudi. Mimi mseminari, na digrii yangu ya falsafa, nikakosa la kumwambia. Ndipo nikamkumbuka Mwenyeheri László Batthyány-Strattmann.

Alizaliwa Hungaria mwaka 1870, katika ukoo wa kitajiri. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12. Baba alitaka asimamie mashamba, basi akaanza na kilimo. Akapitia kemia, fizikia, falsafa, hata muziki. Mwishowe akasoma udaktari Vienna, akahitimu mwaka 1900. Wewe unayehangaika na kozi, usikate tamaa!

Alioa, akajaliwa watoto 13. Mwaka 1902 alifungua hospitali ya vitanda 25 huko Kittsee, akabobea kwenye macho. Baadaye akageuza sehemu ya jumba lake la Körmend kuwa hospitali. Maskini walitibiwa bure. Malipo yao yalikuwa kumsalia Baba Yetu.

Sasa fikiria enzi zile. Mtoto wa jicho alitolewa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Lakini retina ikibanduka nyuma ya jicho, ilikuwa basi, mpaka Jules Gonin wa Uswisi alipoonyesha, miaka ya 1920, kwamba inarudi mahali pake tundu lake likizibwa kwa kuunguzwa. Na mshipa wa jicho ukifa, hata leo hakuna upasuaji wa kuufufua. Kwa hiyo kila daktari wa macho anakutana na watu asioweza kuwaponya. László alisali kabla ya kupasua, akijiona chombo tu mkononi mwa Mungu.

Naye alionja msalaba. Mwaka 1921 alimzika mwanawe Ödön, kijana wa miaka 21. Kisha kansa ya kibofu ikamtesa zaidi ya mwaka, akafariki Vienna tarehe 22 Januari 1931. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 23 Machi 2003.

Nilimpigia bibi simu, tukasali Baba Yetu pamoja. Jicho halijarudi. Ila aliniambia niende nikapime, maana presha ya macho hutembea kwenye ukoo na mara nyingi haiumi. Nimepima. Na wewe kapime, umpeleke na mzazi wako.

Mwenyeheri László, utuombee.