Mekatilili: Mama ambaye kushindwa hakukumvunja moyo

WAGENI wengi wanaofika Shella, mtaa wa kale wa Malindi, husimuliwa habari za Vasco da Gama, baharia wa Kireno aliyetia nanga huko mwaka 1498. Hata hivyo, mji huo huo una sanamu ya mama wa Kigiriama ambaye hakuja na merikebu wala mizinga: Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa katika karne ya 19 kijijini Mutsara wa Tsatsu, eneo la Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili, alilipata baada ya kujifungua. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba akiwa msichana alishuhudia ndugu yake, Mwarandu, akitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena.

Mwaka 1912 serikali ya Uingereza ilimtuma Arthur Champion kuwatawala Wagiriama. Afisa huyo alidai kodi ya nyumba pamoja na vijana wa kwenda kufanya kazi za vibarua mashambani. Mekatilili, wakati huo mjane mwenye umri mkubwa, hakuwa na cheo wala jeshi. Alichokuwa nacho ni kifudu, ngoma ya matangani. Aliicheza kijiji hadi kijiji, na watu walipokusanyika akawahutubia.

Mwaka 1913 umati ulikutana Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, wakiapa kutoshirikiana na Waingereza. Hapo ndipo penye siri ya uvumilivu wake: mzigo ambao ungemlemea mtu mmoja uligawanywa kwa umma mzima.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa uhamishoni Kisii kwa miaka mitano. Januari 1914 walitoroka, wakatembea mamia ya kilomita hadi nyumbani. Mekatilili hakujificha, bali aliendelea kuwahimiza watu wake wasilegee.

Gharama ilikuwa kubwa. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, maelfu ya nyumba yakateketezwa, mifugo ikatwaliwa na faini nzito ikatozwa. Waliokuwa wakiishi kaskazini ya mto Sabaki waliamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa tena, safari hii akapelekwa Kismayu.

Aliporejea mwaka 1919, alikuta watu waliofilisika na kuchoka. Angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikwenda Kaya Fungo akaongoza baraza la wanawake, naye Wanje akaongoza la wanaume. Hiyo ilikuwa kazi isiyo na kishindo, ya kuunganisha upya jamii iliyosambaratishwa.

Alifariki mwaka 1924 na kuzikwa Bungale, Magarini, miaka 39 kabla ya Kenya kupata uhuru.

Wanaotetea haki na kuona dhuluma imewazidi nguvu wana la kujifunza kwake. Mekatilili hakusubiri dalili za ushindi ndipo aanze, wala hakuacha alipozikosa. Kila aliporudishwa nyuma aliwarudia watu wake, akaanza na lililokuwa karibu. Papo kwa papo, wahenga walinena, kamba hukata jiwe.